Dumu la Tatu

Kwanza nieleweke: mimi sina ugomvi na samaki. Ugomvi wangu ulikuwa na chumvi.

Nimeendesha boza la kunyonya maji taka kwa miaka thelathini na mmoja. Mtaani kwetu hakuna bomba la mji la kupokea uchafu. Kila nyumba ina shimo lake nyuma, limefunikwa kwa zege, na kila nyumba, ipende isipende, siku moja itanipigia simu. Watu huniita Daktari. Walianza kwa mzaha, nami nikaupokea mzaha huo kwa mikono miwili, maana kusema kweli kazi yangu haina tofauti kubwa na ya daktari. Nafungua mfuniko, naangalia rangi, nanusa, kisha namuuliza mwenye nyumba amemwaga nini sinkini wiki hii, naye anaanza kunidanganya kama wagonjwa wote.

Ndani ya shimo zuri mna bakteria, na hao ndio wafanyakazi. Wanakula uchafu usiku na mchana, hawaombi likizo wala hawagomi. Ukiwamwagia dawa ya madoa wanakufa. Ukimwaga mafuta ya kukaangia, yanaganda juu na kuziba njia. Na ukiwamwagia maji ya chumvi, hapo ndipo nilipokuwa nikinyanyua kidole, unawaua kwa kiu hali wamezama majini. Sheria hiyo nimeisema kwenye baraza za watu wengi, miaka mingi, hadi wenye nyumba wakawa wanaimalizia kabla yangu: chumvi ya mboga inatosha, nyingine isiingie shimoni.

Cheti changu kilikuwa shimo la nyumbani kwangu. Kila mwisho wa mwezi nilishusha fimbo yenye alama kupima kina cha tope, na kila mwisho wa mwezi nilirudi jikoni nimevimba kichwa. Miaka tisa halijanyonywa hata mara moja. Nililitaja kwa wateja kama wengine wanavyomtaja mtoto aliyefaulu mitihani.

Basi binti yetu akatuletea bahari sebuleni.

Alipata kazi mbali, safari ya ndege mbili, na hakuwa na pa kuliacha tangi lake la kioo. "Miezi miwili tu, baba," aliniambia. Lita mia mbili na hamsini za maji ya chumvi, mawe, mchanga mweupe, konokono sita wadogo wa kusafisha kioo, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Alibandika karatasi ya maelekezo ukutani, akatukumbatia, akaenda zake. Hiyo ni miezi minane sasa.

Ningeweza kulikataa siku ile ile, na nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilinyamaza kwa sababu ya mke wangu.

Mke wangu ameshona sare za shule nusu ya umri wake. Hakuna mtoto wa mtaa huu ambaye hajawahi kusimama mbele yake mikono juu akipimwa kifua. Lakini mwaka jana vidole vyake viligoma. Viungo vilivimba, sindano ikawa haishikiki, akampa mdogo wake cherehani, akakaa. Kisha binti akaondoka. Na mke wangu si mtu wa kukaa kimya, ni mtu wa kubishana na redio. Wiki mbili nzima alinijibu "ndiyo," "hapana," na "chakula kiko mezani." Nilirudi kazini nikimkuta kwenye kiti kile kile, mikono mapajani, akitazama ukuta. Niliogopa. Nimeshuka kwenye mashimo ambayo wanaume wazima wameyakimbia, lakini ukimya ule sikujua niushike wapi.

Wiki ya tatu narudi, namsikia anamgombeza mtu sebuleni.

"Hebu mwache mwenzio ale. Una nini wewe?"

Nilichungulia. Yule samaki mkubwa alikuwa akimfukuza mdogo kila chakula kilipodondoka. Karatasi ya binti ilieleza kwamba mkubwa ndiye jike na mdogo ndiye dume, na kwamba jike ndiye mwenye nyumba. Mke wangu alinigeukia, uso wake umechangamka kama zamani. "Umeona, Daktari? Hata baharini."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Tangu siku hiyo sauti yake ikarudi, na redio ikaanza tena kupata mtu wa kubishana naye. Alipima chumvi ya maji mapya kama alivyokuwa akipima viuno: mara mbili, bila haraka, kisha anaandika kwenye daftari lake la zamani la wateja. Samaki aliwaita Mke na Mume tu. Alisema majina mengine yangekuwa kuwapamba bure.

Tatizo likawa moja. Karatasi ilisema: kila wiki mbili toeni lita sitini za maji ya zamani, mtie mapya. Mapya tulijua yanatoka wapi, tulikoroga wenyewe kwenye pipa. Ya zamani je, yaende wapi?

"Sinkini," alisema mke wangu.

"Labda nikishazikwa."

"Maji tu haya, mzee. Samaki wanaishi humo."

"Wanaishi samaki. Bakteria wangu si samaki."

Hakubishana, jambo ambalo lingenitia shaka kama ningekuwa na akili. Mimi nikachukua madumu nikayamwaga nyuma, kando ya uzio. Baada ya mara mbili tatu mchicha ulikuwa umelala chini, na uzio wa majani wa jirani yangu, mwalimu mstaafu, umetoka doa la njano la upana wa meza. Mwalimu alikuja akalitazama doa hilo kwa muda, mikono nyuma, kisha akaniuliza kwa upole kabisa kama choo changu kimeharibika. Mimi, Daktari. Nilitamani ardhi inimeze. Mtaro wa mvua nao unaishia kwenye kijito chenye vyura, na sikutaka lawama za vyura.

Ndipo nikapata wazo, na nakiri nilijiona mjanja. Mabwawa ya maji taka, tunakokwenda kumwaga, hufungwa saa kumi jioni, kwa hiyo boza langu mara nyingi hulala nyumbani Ijumaa likiwa limejaa. Jumamosi asubuhi, kabla ya kuondoka, nilichovya mpira wa kunyonyea kwenye madumu ya mke wangu, nikawasha pampu. Pampu ile hukausha shimo zima kwa dakika ishirini. Madumu mawili kwake yalikuwa kama kupiga chafya. Yakaingia, nikafunga valvu, nikaenda zangu. Nikafanya hivyo kila baada ya wiki mbili, na dunia haikuanguka.

Nasema madumu mawili. Lita sitini ni madumu matatu ya lita ishirini, hilo nililiona tangu mwanzo, na nilikuwa na jibu lake: maji hukauka. Nilimweleza mke wangu siku moja tukinywa chai. Nilimweleza joto la taa, nikamweleza upepo wa dirishani, nikamchorea mezani kwa kidole jinsi uso wa maji unavyozidi kupoteza kadiri unavyokuwa mpana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe," alisema, akanimiminia chai nyingine.

Kuna na jambo jingine sikumwambia. Nilikuwa nimeanza kuwapenda. Asubuhi nilikuwa nikinywa chai yangu nimesimama mbele ya kioo, nikimtazama Mume anavyojificha nyuma ya jiwe na Mke anavyomfuata kumtoa. Lakini mtu ukishazoeleka kwa kulalamika, ukiacha ghafla watu wanakupeleka hospitali. Kwa hiyo niliendelea. Kila Jumamosi ya kubadili maji nilinyanyua madumu huku nikiguna, nimeshika kiuno, nikisema hawa samaki watoke hapa, hii nyumba si bandari.

Sasa nifike kwenye Jumamosi yenyewe.

Msimamizi wa mabwawa ni mama wa makamo, mrefu, asiyecheka ovyo. Madereva humwita Chupa, akiwa mbali, kwa sababu ya chupa ya sampuli anayotembea nayo imefungwa kamba. Kila boza likifika, yale maji ya kwanza kutoka huingia kwenye chupa yake. Mwaka juzi dereva mmoja alileta maji ya chumvi ya kiwanda cha ngozi akidai ni ya vyoo, bwawa la kwanza likafa. Mji ulinuka wiki tano, na lawama zote zikamwangukia yeye. Tangu hapo hamwamini mtu. Ila Jumamosi kwa kawaida hayupo. Huwepo msaidizi wake, ambaye hujaza chupa mwishoni, akishamaliza kifungua kinywa.

Jumamosi ile alikuwepo.

Nilipiga breki nikamwona amesimama na chupa yake. Ukinyonya kitu mwisho, ndicho kinachokaa mlangoni. Nilijua kabisa nini kipo nyuma ya valvu yangu. Nilitafuta neno la kusema, lakini yeye akawa ameshafungua na ameshakinga.

Aliinyanyua chupa juani. Maji yalikuwa maangavu, ungeweza kusoma gazeti upande wa pili. Chini yake palikuwa na punje chache za mchanga mweupe. Na juu ya punje hizo, konokono mmoja mdogo akajinyoosha, akashika ukuta wa chupa, akaanza kupanda.

Msimamizi alimtazama mpaka alipofika katikati.

"Daktari," alisema, "mwaka wa kumi na nne huu napokea kinyesi cha mji huu. Sijawahi kukiona kinatembea."

Nyuma yangu madereva wawili walikuwa wameshashuka kwenye magari yao. Mmoja alilazimika kushika kioo cha pembeni ili asianguke kwa kicheko. Msimamizi yeye hakucheka. Alitumbukiza kipimo chake cha chumvi, akasoma namba, na uso ukabadilika.

"Kiwanda cha ngozi," alisema.

"Hapana, mama. Hapana."

"Chumvi hii haitoki chooni kwa mtu."

"Inatoka sebuleni kwangu."

Nilipolisikia jibu hilo lilivyotoka nilijua nimekwisha. Nikaeleza samaki, nikaeleza binti, nikaeleza karatasi ya ukutani, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo aliyekosa hata uwongo wa maana. Alininyang'anya kibali changu, ile kadi ninayoning'iniza kwenye kioo cha mbele, akakitia mfukoni.

"Saa nane nitakuja kwako. Nisipowakuta hao samaki, kibali hukioni tena. Nikiwakuta, utakipata. Lakini wawepo wasiwepo, maji yao hayaingii hapa. Mabwawa haya yana kazi yake."

"Sasa niyapeleke wapi?"

"Hilo ni lako. Si wewe ndiye Daktari?"

Niliendesha polepole kurudi. Habari ya kibali haikuniumiza sana, maana samaki walikuwepo, angewaona kwa macho yake. Kilichoniumiza ni hesabu iliyobaki. Bustanini haiwezekani, mtaroni haiwezekani, mabwawani sasa haiwezekani, na shimoni mimi mwenyewe nimepiga marufuku. Maji yakikosa pa kwenda, samaki lazima waende. Na samaki wakienda, kiti kile kitabaki na mke wangu, na mikono mapajani.

Nilimweleza yote jikoni, nimesimama. Hakunikatiza. Nilipofika kwa konokono mdomo wake ulicheza kidogo, lakini nilipofika kwa maji aliketi.

"Basi watoke," alisema. "Yule wa duka la samaki wa mjini atawachukua. Binti ataelewa."

Alisema vizuri kabisa, bila kununa, kisha akaiweka mikono mapajani. Ndivyo alivyofanya, kama vile alikuwa ameniona ninavyofikiri garini.

"Hawatoki," nilisema.

"Si wewe unayesema kila Jumamosi watoke?"

"Nasema. Kusema ni kusema."

Alinitazama. Nilikuwa nimeshikwa pabaya, nikaona heri nimalize tu. "Nawapenda," nikamwambia. "Huyo Mume ananichekesha. Na wewe nakupenda unapogombana nao. Zile wiki za ukimya, hapa ndani, mimi niliogopa. Sitaki nyumba hii irudi vile. Nitatafuta pa kumwaga, hata kama ni kwa kijiko."

Macho yake yakalowa. Alifungua mdomo kama mwenye jambo la kusema, akaufunga, akasema tu kwamba nikaoge kwa sababu tuna mgeni.

Saa nane kamili msimamizi alibisha hodi. Alivua viatu mlangoni, akaingia na ile chupa mkononi, na alipofika mbele ya tangi alisimama. Baadaye alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa, akiegemea mbele, viwiko magotini. Taa ya tangi ilimwangaza usoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo nikaona kwamba ana vishimo mashavuni.

"Huyu mkubwa vipi? Mbona anamsumbua mwenzake?"

"Ni mke," alisema mke wangu.

"Aha," alisema msimamizi, kama mtu aliyepewa maelezo yanayojitosheleza.

Mke wangu aliipokea chupa, akamtoa konokono kwa kijiko cha chai na kumrudisha juu ya jiwe lake. Wanawake wale wawili walimwangalia mpaka alipoanza tena kutembea. Kisha msimamizi akatoa kibali mfukoni, akakiweka mezani kando ya kikombe changu.

"Nisamehe, Daktari. Lakini na wewe ungekuwa mimi."

"Ningekuwa wewe ningeniitia polisi," nilisema, na vile vishimo vikatokea tena.

"Ila sielewi kitu kimoja. Kwa nini hamyamwagi shimoni kwenu?"

Nilinyanyua kidole. Nikaanza na bakteria, nikaja kwenye dawa ya madoa, nikaja kwenye mafuta. "Chumvi ya mboga inatosha," nikasema.

"Nyingine isiingie shimoni," akamalizia mke wangu, akitazama samaki.

"Lita ngapi?" aliuliza msimamizi.

Nikamwambia. Aliomba kalamu, akaenda kupiga hesabu pembeni ya karatasi ya binti yetu pale ukutani. Watu wawili, maji ya kuoga, ya kufulia, ya vyombo, ya choo, jumla kwa siku, jumla kwa wiki. "Yule wa kiwanda cha ngozi alileta boza zima, tena si mara moja. Wewe una ndoo. Yagawe kidogo kidogo kila siku, bakteria hawatajua hata kama kuna kilichopita."

"Hiyo ni hesabu ya ukutani," nilisema. "Mimi nina miaka thelathini na mmoja ya kufungua mashimo. Njoo nikuonyeshe shimo lisiloijua chumvi linavyoonekana."

Nilimpeleka nyuma, nakiri, kwa maringo. Nilisogeza mfuniko kwa nondo. Nikashusha fimbo, nikaipandisha, nikamwonyesha alama: tope liko chini pale pale lilipokuwa mwezi uliopita. Harufu ilikuwa ile ya udongo, nzito lakini haichomi pua. Aliinama akanusa bila haya, kama mtu wa kazi anavyonusa, akatikisa kichwa kwa kusifu.

"Shimo zuri sana hili, Daktari. Sijaona zuri kama hili mwaka huu."

"Miaka tisa," nilisema.

Kisha, kwa mazoea tu nadhani, akashusha kipimo chake kwa kamba. Akakipandisha, akakisoma. Akakifuta kwa kitambaa, akakishusha tena, akakisoma mara ya pili.

"Lina chumvi," alisema.

"Haiwezekani."

"Si nyingi. Lakini imezidi ya nyumba ya kawaida."

"Nasema haiwezekani. Hicho kipimo kimeharibika."

"Inawezekana," ilisema sauti nyuma yetu.

Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameegemea fremu, mikono kaificha kwenye kanga.

"Kila Jumatano," alisema. "Lita kumi. Tangu mwezi wa kwanza."

Lita kumi kila Jumatano, kwa wiki mbili lita ishirini. Nilihitaji muda kidogo kuifikia, ingawa ni hesabu ya mtoto. Dumu la tatu halikuwa limekauka. Taa haikuhusika, dirisha halikuhusika, na upana wa uso wa maji, nilioueleza kwa kidole mezani, haukuhusika na lolote. Miezi minane nilikuwa nikishusha fimbo yangu ndani ya maji ya chumvi na kurudi jikoni kujisifu kwa mtu aliyeyamwaga.

Msimamizi alijifanya anakagua mfuniko. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza mke wangu.

"Ungekataa."

"Na kwa nini ukafanya?"

"Ulikuwa unayanyanyua umeshika kiuno," alisema. "Unaguna. Mara ya kwanza ulibeba matatu, ukalala siku nzima. Nikasema matatu yatakumaliza. Nikawa nakupunguzia moja."

"Kwa vidole hivyo? Ndoo huwezi kuishika."

"Si ndoo. Kikombe."

Nilimwangalia, na yule mama wa watu naye akaacha kujifanya anakagua mfuniko. Kwa kweli wakati mwingine nilikuwa nikiguna kwa mazoea tu, kiuno hakina lolote. Hilo nimemwambia baadaye, na amenikasirikia kwa haki kabisa.

Msimamizi alikunywa chai, akaaga. Siku hizi hupita mara moja moja baada ya kazi, anasema anakuja kupima shimo, lakini kipimo hakitoki mkobani na kiti anachokaa ni kile cha mbele ya tangi. Binti naye alipiga simu kuuliza kama aanze kutafuta mtu wa kulisafirisha tangi. Tulimjibu kwa pamoja kwamba kioo kile ni kizito mno, asijisumbue.

Kwa wateja imenibidi nirekebishe mahubiri. Juzi mama mmoja aliniuliza kuhusu chumvi, nikanyanyua kidole, nikakumbuka, nikakishusha. Nikamwambia inategemea. Alinitazama kama mtu aliyesikia daktari wake akisema hajui, na nadhani atatafuta mwingine.

Maji tunayamwaga wenyewe, sinkini, vikombe kumi na saba kila siku baada ya kuosha vyombo. Msimamizi ndiye aliyetupangia. Nilisema nitafanya mimi siku zote saba. Mke wangu alikubali sita, Jumatano akakataa.

"Hiyo ni yangu," alisema.

Jumatano ya kwanza nilikuwepo nyumbani. Nilivuta kiti nikakaa kando ya sinki kumhesabia. Alikishika kikombe kwa viganja vyote viwili, kwa sababu vidole havikunjiki kuzunguka mpini, akakichovya kwenye dumu, akakinyanyua taratibu hadi ukingoni, akamimina. Akapumzika. Akachovya tena. Kwenye kikombe cha saba nilitaka kumpokea, akanitoa kwa kiwiko. Nikatazama saa ya ukutani. Vikombe kumi na saba vilichukua nusu saa nzima. Lita kumi ni vikombe arobaini. Kila Jumatano, kwa miezi minane, zaidi ya saa moja amesimama hapo peke yake, nami niko kwenye baraza ya mtu nimenyanyua kidole.

"Umefika ngapi?" aliniuliza.

Nilikuwa nimepoteza hesabu. Nikamwambia tuanze upya, akacheka, akasema nimezeeka. Kutoka sebuleni tulimsikia Mke akigonga mawe, akimtafuta mumewe.